Bakuli Lililozikwa

Mwalimu wa jiografia alichora bakuli ubaoni, akalifunika kwa mistari ya chaki. Zamani mno, alisema, jiwe la angani lilianguka baharini, pwani ya nchi ya mbali, likaacha shimo kubwa. Tope na mchanga vikalizika. Halionekani tena, lakini ardhi juu yake bado inadidimia polepole, mito inapinda kulifuata, na achimbaye kisima kirefu hukutana na chumvi, maana miamba iliyosagika kule chini bado imeshika maji ya bahari ya kale.

Tangu hapo nikawa natembea kijijini kwetu Mbwajumali kama mtu akanyagaye kifuniko. Kibonde cha nyuma ya shamba letu, panapotuama mvua, nikakiona kama kitako cha bakuli. Nilisimama pale na ndoo tupu, nikahisi bahari nyingine imelala chini ya nyayo zangu, inapumua.

Nilingoja wenzangu watoke darasani ndipo nikamuuliza mwalimu.

"Hapa hapana shimo hilo," alicheka. "Chumvi yetu ni ya bahari hii hii. Maji ya mvua yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichimba sana, unayapita."

Nilirudi nyumbani nikamkuta ami, ndugu yake baba, yumo kisimani na sululu. Maji yalikuwa yamepungua, naye alitaka kwenda chini zaidi. Kisima hicho ndicho pekee chenye maji ya kunywa mtaani kwetu. Mimi hata wageni huwaamkia nikitazama sakafu.

"Ami, toka!"

"Kuna nyoka?"

"Hapana. Ukizidi kuchimba, chumvi itapanda."

Bibi, aliyekaa kando ya kisima, akaangua kicheko. "Kumbe ana ulimi! Nami nilidhani tumelea samaki."

"Weye umeyaona yaliyo tini?" ami akauliza.

"Sijayaona ya huko chini." Nikamweleza habari ya mafuta na mchuzi, vibaya, nikirudia maneno.

Ami aliteka maji kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena. Kisha akanipa sululu.

"Haya. Tuteke kidogo kidogo, tuyangoje yajae."

Jirani alipokuja na madumu mawili, ami alimwambia leo ni moja tu.

"Kwa nini?"

"Muulize huyu."

Jirani akanigeukia. Ikabidi niseme tena.