Tulivyojifukiza ukoo mzima twende kumtolea dada damu kipindi cha corona, Mzaramo akatuumbua

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki ninachoandika kimetokea kwetu Tabora, nilikuwepo, na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe ilizidi tangu mwanzo. Nimebadilisha majina tu, maana baba yangu mkubwa siku hizi ana simu janja na nasikia anapitapita humu.

Ilikuwa ile corona ya mwanzo kabisa. Mnakumbuka: ndoo ya maji kila mlango, shule zimefungwa, ukikohoa kwenye basi unabaki na siti nzima peke yako.

Dada yangu, nimwite Limi, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Bukene. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Alitokwa damu muda mrefu akawa anaficha, si mnawajua dada zetu, kila ukimuuliza anasema ni uchovu. Hadi akaanguka jikoni. Tukamkimbiza hospitali Tabora mjini.

Daktari hakuzunguka. Akasema huyu anahitaji operesheni, lakini damu aliyonayo ni kidogo mno, hafiki hata kwenye kitanda cha upasuaji. Lazima aongezewe kwanza. Na akiba ya damu ilikuwa imekauka, kwa sababu wachangiaji wakubwa ni wanafunzi, na wanafunzi wako nyumbani wanachunga ng'ombe. Kwa hiyo ndugu mje mchangie, mkichelewa mtampoteza.

Rahisi, si ndiyo? Ngojeni sasa.

Kwenye group la ukoo kulikuwa na sauti inazunguka ya mtu anayejiita daktari bingwa. Anadai corona inajificha kwenye damu, ukiongezewa damu ya mwenye nayo umekwisha. Nyuma yake anasikika jogoo anawika. Bingwa anarekodia bandani, wakuu! Lakini ukoo mzima ulimwamini, Limi akiwa mmojawapo.

Basi akatua baba mkubwa Mihayo, kiongozi wa ukoo na katekista mstaafu, kwa treni kutoka Bukene, akiwa na gunia la majani ya mkaratusi. Hata hajanywa maji akatoa tamko. Limi hataongezewa damu ya mtu asiyejulikana. Itakuwa damu ya ukoo tu, na ukoo wenyewe ujifukize kwanza.

"Kirusi hakivumilii mvuke," akasema. "Damu tutaipeleka imeshasafishwa."

Nikajaribu kubisha. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ulisomea nini?"

"Uhasibu, ba'mkubwa."

"Basi kahesabu malimao."

Nikaenda kuhesabu malimao. Mtu mzima, na kazi yangu, nina heshima zangu mjini, nakata malimao kwa hasira, huku dada yangu yuko wodini anapauka midomo.

Sasa jirani yetu pale mtaani kwetu Ng'ambo alikuwa Mzee Shomari, fundi cherehani, Mzaramo aliyekuja Tabora ujanani akifuata mwanamke akasahau kurudi. Kipindi hicho alikuwa anashona barakoa kwa vitambaa vya mapazia. Wasiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, njiani wakagombana na Wazaramo, wakachoka kugombana, wakaishia kutukanana kwa upendo hadi leo. Mtani ana ruhusa. Anakutukana mbele ya wakwe, na msibani ndiyo usiseme: anazuia jeneza, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apozwe kwa hela. Na huruhusiwi kununa. Mzee Shomari alituita sote wapagazi wake.

Basi siku ile amekaa kibarazani anatuangalia tunavyoingia kwa zamu chini ya blanketi, lile sufuria la msibani linafuka.

"Nilijua Wanyamwezi mnakula vitu vingi," akasema, "lakini kupikana wenyewe kwa wenyewe sikuwahi kuona."

Akaweka sindano chini, akasema na yeye anakuja kutoa damu. Ba'mkubwa akamkatalia. "Wewe si wa ukoo. Halafu hujafukizwa."

Mzee Shomari akavaa kofia yake akatufuata hivyo hivyo.

Ba'mkubwa alitaka tufike tukiwa bado na moto, dawa isipoe. Tukaondoka mbio, tumejifunika mashuka, jasho linatiririka, macho mekundu kwa mkaratusi.

Getini mlinzi ana kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Akampima ba'mkubwa, kifaa kikapiga kelele. Akanipima mimi, kelele. Akampima binamu yangu, kelele. Mlinzi akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Kaeni hapo hapo! Msisogee! Mnatoka wapi nyie?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walitawanyika, mama mmoja akaacha hadi chapati zake. Tukazungukwa na watu wenye magauni ya plastiki wanatuhoji kwa mbali. Ba'mkubwa anaeleza habari za mkaratusi, na kadiri anavyoeleza ndivyo wanavyozidi kurudi nyuma.

Mzee Shomari akapimwa, yuko sawa. Akapita.

Walipoelewa mambo yetu wakatukalisha nje tupoe. Tumekaa tunapepewa na upepo, mara huyo Mzee Shomari anatoka, pamba mkononi, soda ya mchangiaji na biskuti mkono wa pili. Akasimama mbele yetu akanywa taratibu.

"Ukoo umepoa?" akauliza. "Maana mimi mbichi nimeshamaliza."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipopoa tukanyweshwa maji, tukapimwa upya, wengi tukatoa. Ba'mkubwa alikataliwa kwa sababu presha ilikuwa imepanda, na ilipanda kwa kumfokea mlinzi. Hapo nesi, mama mmoja mpole, akatuambia jambo lililovuruga kila kitu. Alisema damu yetu inakwenda kupimwa Ukimwi, homa ya ini na mengine, halafu inaingia kwenye akiba ya wote. Limi atapewa inayolingana na yake iliyokwisha kupimwa, na hatutajua imetoka kwa nani. Corona, akasema, inakuingia kwa pua na mdomo, kwa kuongezewa damu hawajaona mtu akiipata. Hofu yao ilikuwa kwenye zile pumzi zetu tunazobishania pale bila barakoa.

Ba'mkubwa akasusa. Limi alipoambiwa, naye akagoma. Akasema hawekewi.

Waliruhusu wachache kuingia wodini. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikamwambia Limi utakufa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa ukali, kwa sababu niliogopa sana wakuu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga.

Akaniambia kwa sauti ndogo: "Kufa siogopi. Naogopa kufa nayo. Nikifa na uvimbe wangu nitazikwa Bukene, wanafunzi wangu wataimba. Nikifa na corona mtanitupia udongo mkiwa mbali, hamna wa kuniosha, hamna hata wa kulia karibu. Umeona wanavyozikwa."

Nyie mngejibu nini? Mambo yote ya nesi ya vipimo hayakugusa hapo.

Nikatoka nje nikamkuta Mzee Shomari bado yupo. Nikamweleza. Akaingia, mimi nikasimama mlangoni.

"Wewe mpagazi," akamwanza. "Nasikia unaogopa kukosa wazikaji."

Limi akageuza uso.

"Nisikilize. Ukifa, kwa chochote kile, mimi nakuja. Mtani hazuiwi na serikali wala na ugonjwa. Wakileta askari nitawaambia huyu ni deni langu. Nitaingia kaburini kabla yako, nilale chali, niwasimulie watu wote ulivyokuwa ukikoroma, na ulivyowahi kurudisha gauni nililokushonea ukisema limekubana kumbe umenenepa. Nitakutukana mpaka uone aibu ya kufa. Hutazikwa kimya, naapa kwa Mungu. Ila sasa niko kwenye kazi ya barakoa, nina wateja. Usinisumbue mwaka huu."

Limi akaanza kucheka. Alicheka bila nguvu, mabega tu yanatikisika, machozi yanamwagika. Nesi akaja kutugombeza.

Alipotulia akamwambia nesi, "Leteni hiyo damu."

Nilikwenda chooni nikalia.

Aliongezewa, akafanyiwa operesheni, akapona. Amerudi Bukene anafundisha mpaka leo, hana corona wala nini. Mzee Shomari alijitangazia kwamba chupa ya damu aliyowekewa Limi ilikuwa ya kwake. Kila Limi alipofika mjini mzee alimwita "Mzaramo mwenzangu", akimuuliza kama ameshaanza kutamani nazi. Ba'mkubwa mpaka leo anadai ni mkaratusi.

Mwaka jana Mzee Shomari akafariki, uzee tu na kifua.

Limi alipata taarifa akapanda treni. Jeneza linataka kutoka, wanaume wameshalibeba, yeye akajilaza chini mlangoni, mwalimu mzima, na kitenge chake kipya.

"Haondoki mtu!" akapiga kelele. "Huyu ni mwongo! Alikula kiapo atanizika mimi, sasa ametangulia anakwepa kazi. Mimi nikifa nani atanitukana?"

Watu wakaanza kucheka, wenye kujua. Kisha nikaona Limi hachezi tena. Analia kweli, na hanyanyuki.

Mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyezaliwa pale pale Ng'ambo na hajawahi hata kukaa pwani, akapiga goti karibu yake.

"Mimi nitakutukana, mtani," akasema. "Nyanyuka, mpagazi wewe, unamchelewesha mzee."

Limi akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akawapisha.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayekataa damu msimwite mjinga haraka, muulizeni kwanza anaogopa nini, huenda dawa yake si maelezo ya vipimo. Na mkienda kuchangia damu, nendeni wabichi.

Mimi huwa nakwenda kuchangia, na soda nakunywa taratibu kama yule mzee. Wenye visa vya kipindi kile mwageni hapa. Na Wazaramo mliomo humu njooni mtutukane kidogo, tangu mzee aondoke mtaa umekuwa na adabu mno.