Gitaa la Chini ya Draya

Ukikaa kwenye kiti cha Koleo, shika kitu. Shika mkono wa kiti, shika pochi, shika dini yako, ila shika kitu. Hilo jina hakupewa na wazazi. Alilipata kwa mteja mmoja aliyesukwa asubuhi na mpaka jioni alikuwa bado anajitazama kwenye kioo akitafuta nyusi zake zimehamia wapi. Lakini nywele alizosuka Koleo hazifumuki, na ndiyo maana wanaomlaani ni walewale wanaorudi, safari hii wakiwa na vidonge vya kichwa kwenye pochi.

Ukishazoea maumivu, utaziona kucha zake. Mkono wa kulia ni mrembo: kucha ndefu, zimepakwa rangi ya zambarau, zinang'aa. Kazi ya shoga yake anayepaka kucha pale dirishani, ambaye watu wanamwita Msumari, kwa sababu ya kazi na pia kwa sababu ya ulimi. Mkono wa kushoto sasa, Mungu atusamehe. Kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, na ncha za vidole zina sugu ngumu kama kwato. Mteja mgeni akiuliza, Msumari anajibu bila kuinua kichwa:

"Ule mkono ni wa mtu mwingine. Ameuazima."

Ukweli uko nyuma ya saluni, kati ya pipa la maji na rafu ya mafuta ya nywele. Pale kuna gitaa la umeme, zito, la kahawia. Halina amplifaya ya kukuza sauti wala spika, hata waya halina. Wateja wakishaingizwa vichwa kwenye draya, na zile kofia mbili zikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, Koleo anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaweka kidevu juu ya bega la gitaa, anafumba macho, anapiga bluzi.

Bluzi, kwa asiyejua, ni ule muziki wa mtu kulalamika kwa mpangilio.

Sasa tuelewane. Gitaa la umeme likikosa umeme, sauti yake ni ya mbu aliyefungiwa kabatini. Weka na draya mbili juu yake, hutasikia kitu. Mteja ndani ya kofia hata ukimwita jina lake hageuki. Msumari naye masikio yameziba, ana spika zake ndogo anasikiliza ugomvi wa watu wa mtandaoni. Kwa hiyo Koleo ni mwanamuziki anayejaza ukumbi kila siku isipokuwa Jumapili, na hakuna binadamu aliyewahi kumsikia.

Yeye mwenyewe anasikia kwa taya. Uzi ukitetemeka, mbao inatetemeka, mtetemo unapanda kidevuni, unapita kwenye meno, unafika kichwani. Na humo kichwani, jamani, sauti ni nene, ina joto, inajaa kama uji unaotaka kumwagika. Rangi ya gitaa imebanduka pale kidevu kinapokaa. Siku Msumari alipoiona alisema, "Shoga, njaa ikikubana si useme tu? Usile mbao."

Hata dukani alilichagua hivyohivyo. Lilikuwa duka la vyombo vilivyotumika, na muuzaji alimletea kwanza gitaa jekundu linalowaka kama rangi ya mdomo ya bibi harusi. Koleo akaliegemeza kidevuni, akagusa uzi. Jekundu liliimbia puani. Akajaribu jingine, likasikika kama bati. Akachukua lile la kahawia lililochubuka shingo, ambalo muuzaji hakuwa amelitaja hata kidogo, akagusa uzi mnene. Lilivuta pumzi kutoka kifuani.

"Dada, magitaa huwa tunayasikiliza," muuzaji akasema. "Hatuyanusi."

"Nalichukua hili."

"Na amplifaya? Ninayo nzuri hapa."

"Sitaki."

"Hutaki? Hilo ni la umeme, dada yangu. Ni kama kununua pikipiki bila injini."

"Ndiyo hiyohiyo. Nataka ya kusukuma."

Usimcheke haraka. Koleo alitaka gitaa lisilosikika kwa sababu ya mtu mmoja tu: kaka yake.

Kaka yake ni fundi umeme. Zamani, kabla ya bisibisi, alikuwa mpiga gitaa wa bendi, na siyo wa kujazia jukwaa. Alikuwa na tabia ya kuvuta uzi polepole mpaka noti ipande kama mtu anayeamka usingizini hataki, halafu anaiacha pale juu inatetemeka, na wanawake wa mstari wa mbele wanaanza kukumbuka madeni ya mapenzi. Koleo alikuwa binti mdogo tu, alijifunza kwa kumkodolea macho vidole. Kisha siku moja bendi inashusha jenereta kwenye gari, jenereta likaponyoka, likatua kwenye mkono wa kushoto wa kaka. Mkono ukapona, ila vidole viwili vikabaki vimejikunja kama ndoano. Bisibisi vinashika. Nyuzi, basi tena.

Tangu siku hiyo nyumba yao ina sheria isiyoandikwa. Redio ikipiga wimbo wenye gitaa, mtu anabadilisha stesheni. Mama yao ndiye bingwa. Yule mama anaweza kuwa uani anaanua nguo, noti ya kwanza tu ikilia atakuwa ameshafika sebuleni na kidole kiko kwenye kitufe. Watamsikiliza hata mtu anayesoma bei za vitunguu ilimradi kaka asiumie. Na kaka huwa anakaa kimya, anatazama sakafu, anauliza kama chai ipo.

Ndiyo maana Koleo akajificha chini ya draya. Angepigaje mbele ya mtu aliyenyang'anywa kitu hichohicho? Si ni kula mbele ya aliyefunga? Lakini moyo nao una ukaidi wake. Kila alipofanikiwa kuvuta uzi vizuri, mtu wa kwanza aliyetamani asikie alikuwa huyohuyo. Jumapili alikuwa anakwenda kwa kaka, anakoishi na mama, anakaa kwenye kile kistuli cha mraba alichokifunika mama kwa kitambaa cha kufuma, anakula, anatamani kusema, anameza pamoja na tonge.

Basi wiki moja draya ya kushoto ikaanza kunuka. Siyo harufu ya nywele, ni ya waya. Koleo akampigia kaka simu.

"Kesho asubuhi nakuja," kaka akasema. "Usiitumie."

Aliitumia. Siku hiyo alikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mteja wake wa miaka, mama mtu mzima anayeongea na watu wazima kama wamechelewa foleni. Na Mwalimu hakai kwenye draya ya kulia, eti inampuliza upande. Kwa hiyo Mwalimu akaingia ya kushoto akiwa na rola kichwa kizima, muuza duka jirani akaingia ya kulia, lori likaanza kupanda mlima, na Koleo akaenda kwenye ndoo yake.

Kaka naye kazi yake ya mchana ikaahirishwa. Akaona apitie leo. Na ana tabia moja ya kifundi: huzima umeme kwanza, kusalimia baadaye. Anasema salamu haijawahi kumwokoa mtu na shoti. Akapita mlango wa nyuma, akafungua kisanduku cha ukutani, akashusha swichi kuu.

Draya zikafa. Saluni ikatulia kimya. Na Koleo, ambaye masikio yake yako kwenye taya, hakujua kitu. Akaendelea.

Mbu akatoka kabatini. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, lakini kila noti ilionekana imekaa mahali pake. Msumari akatoa spika sikioni. Muuza duka akachungulia kutoka ndani ya kofia. Mwalimu akageuka, rola zikagongana. Msumari akainuka amguse Koleo bega.

"Kaa chini," Mwalimu akanong'ona. "Ukimgusa ataacha."

Kaka alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Koleo akafika pale pa kuvuta uzi. Akauvuta polepole, noti ikapanda kama mtu anayeamka usingizini hataki, ikafika juu, ikatetemeka. Kisha akafumbua macho.

"Umezima?" akauliza.

"Nimezima," kaka akajibu.

"Saa ngapi?"

Kaka aliweka bisibisi juu ya rafu taratibu, akageuka, akatoka.

Koleo akabaki juu ya ndoo, gitaa mapajani, uso umemshuka.

"Nimemuumiza," akasema. "Miaka yote nimejificha, leo nimemuumiza ndani ya dakika moja."

"Mwanangu, mimi sijui ya kwenu," Mwalimu akasema. "Ila nimekalia hiyo draya miaka yote nikidhani huko nyuma unaosha vitana."

"Na mimi nilidhani unalala," Msumari akasema. "Nikawa nakuonea huruma. Kumbe una konseti."

Hakuna aliyecheka sana. Umeme haupo, nywele mbichi, fundi kakimbia. Koleo akachukua taulo akaanza kumpangusa Mwalimu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya saluni ile, mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwalimu akaogopa kweli.

Kaka anakaa mtaa wa pili. Aliporudi alikuwa anahema, jasho linamtiririka, amekumbatia kistuli.

"Kaka, viti tunavyo," Msumari akasema.

Kaka akakitua chini. Akavua kile kitambaa cha mama. Chini ya kitambaa kulikuwa na wavu mweusi wa spika, na nyuma yake vitufe vinne vya kuzungusha. Koleo akakitazama kile kitu ambacho amekikalia Jumapili zote za utu uzima wake, akila.

"Ni ile ya bendi?"

"Ndiyo."

"Inafanya kazi?"

"Mimi ni fundi," kaka akasema, karibu achukie. "Kila mwaka naifungua naisafisha. Naogopa tu kuiwasha, mama asije akaumia."

"Mama aumie?"

"Si hampendi magitaa nyie? Tangu mkono huu, wimbo ukilia mnabadilisha stesheni. Nikajua mmechoka. Nimewasumbua vya kutosha na makelele yangu, sasa mnapumzika. Nikanyamaza."

Koleo akakiokota kile kitambaa cha mama.

"Kaka, tulikuwa tunabadilisha kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Nimesikiliza bei ya vitunguu miaka yote hii kwa ajili yangu?"

Hapo Mwalimu akacheka mpaka rola moja ikadondoka, na kicheko kikawaambukiza wote. Kaka alicheka akiwa ameinamisha uso, anajifuta jasho, au tuseme jasho.

Kisha ukawa ni ufundi. Akaifunga draya mbovu isiguswe, akapandisha swichi, akachomeka waya aliokuja nao. Koleo akapiga noti yake ya kwanza yenye umeme.

Ilikuwa mbaya. Lazima tuseme ukweli, hata kwa watu tunaowapenda. Chupa za mafuta zilicheza kwenye rafu. Muuza duka alishika kifua. Miaka ya kushindana na draya ilikuwa imemfundisha Koleo kuzichapa nyuzi kama zimemwibia.

"Mama yangu!" Koleo akasema. "Ndiyo sauti yangu hiyo?"

"Hapana. Hiyo ni hasira ya draya." Kaka akachuchumaa mbele ya amplifaya. "Legeza mkono. Piga kama unamsuka mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga hana nywele."

"Ndiyo maana."

Kaka akauweka mkono wake wa kushoto kwenye vitufe. Vile vidole viwili vilivyojikunja vikakaa kwenye kitufe barabara, kama vilikunjwa kwa kazi hiyo. Akapunguza ukali, akaongeza besi kidogo, akasema, "Tena." Koleo akapiga. Akazungusha. "Tena. Hapo umebana. Tena." Walifanya hivyo mpaka Mwalimu akaanza kutoa maoni ("Upande huu bado inapuliza"), halafu noti moja ikatoka nene, ina joto, inajaa. Koleo akanyanyua kidevu kutoka kwenye gitaa. Ilikuwa ileile. Ile ya kichwani. Sasa ilikuwa chumba kizima.

"Nivutie ule uzi," kaka akasema kwa sauti ndogo.

Akauvuta. Noti ilipoanza kupanda, kaka akazungusha kitufe taratibu, sauti ikapanda pamoja nayo, mmoja anavuta, mwingine anakuza, na hata wewe ungekuwepo usingejua noti ile ni ya nani kati yao.

Simu ya Koleo ikaita katikati. Msumari akaipokea, akaiweka wazi wote wasikie. Alikuwa mama.

"Nyie! Nasikia gitaa mpaka huku nyumbani! Nani kafungulia hiyo redio? Badilisheni haraka, kaka yako kasema anapita huko leo!"

"Mama, siyo redio," Koleo akasema.

"Ni nini basi?"

"Ni mimi."

Kwa nyuma, kwa mama, kuku alikuwa analalamika.

"Na kaka yako yuko wapi?"

"Yuko hapa, mama. Ameshika vitufe."

Walidhani simu imekatika. Msumari akaitikisa.

"Basi mwambie aongeze," mama akasema. "Sisikii vizuri."

Kaka akazungusha.