Sauti ya Marehemu Katika Chumba cha Usaili

Jumanne asubuhi nilikuwa bado nakunywa chai simu ilipoingia kutoka mtaa wa Mfaranyaki: yule jamaa wa steshenari amefariki. Walisema ni presha. Alianguka akiwa anatoa kopi, na mashine ikaendelea kutema karatasi mpaka mteja alipoizima. Tulimzika Alhamisi katika ukungu na manyunyu ambayo sisi wa Songea tumeyazoea. Kilichonishangaza ni vijana. Walikuja wengi kuliko ndugu zake, wamevaa mashati ya ofisini, wakasimama nyuma. Nilipowauliza walimfahamu vipi, kila mmoja aliangalia viatu vyake.

Msomaji wangu wa siku nyingi anamfahamu bila kujua, maana ndiye niliyekuwa nikibishana naye katika safu hii kuhusu vyuo vikuu. Alikuwa na shahada ya falsafa. Hakuna ofisi iliyomtaka kwa shahada hiyo, akaishia kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Mimi nilishikilia kwamba chuo kisichompa mtoto kazi kimemwibia ujana wake, na nilikuwa nikimtaja yeye kuwa mfano, utani ambao leo unaniuma. Yeye alisema chuo ni cha kujenga akili, ajira ije au isije. Na alikuwa na namna yake ya kubisha: analaza kichwa begani, anakohoa mara mbili, kisha anasema tuanze na yule asiyekuwepo. Alimaanisha kwamba ukizungumzia mbolea, anza na mkulima ambaye hakuitwa kikaoni. Siku moja nilimtambia kwamba risechi ya binti yangu, ile ya kumalizia chuo, imepata alama za juu na sasa ana kazi nzuri hapa mjini. Akaniuliza kama nimeisoma. Nikamjibu kuwa mimi jalada lake linanitosha. Akageukia mashine yake.

Wiki moja baada ya mazishi niliombwa kukaa kwenye jopo la usaili la taasisi moja inayoshughulika na wakulima. Nafasi ilikuwa moja. Akaingia kijana wa Tunduru. Mwenyekiti wetu, mama mmoja aliyehamia huku kutoka Kanda ya Ziwa na asiyemjua marehemu, akamuuliza atafanya nini kijiji kikikataa mbegu mpya. Kijana akalaza kichwa begani, akakohoa mara mbili, akasema, "Tuanze na yule asiyekuwepo." Nikajiambia labda nimechoka. Akaja binti aliyekulia Hanga, ambaye hata hakumjua yule wa kwanza: kichwa begani, kikohozi, maneno yale yale. Wa tatu vivyo hivyo. Mwenyekiti akawapa wote alama nzuri na kuninong'oneza kwamba siku hizi vyuo vinafundisha. Mimi nilikuwa nautazama mlango, maana niliona kama marehemu mwenyewe ataingia kuidai sauti yake.

Yule wa tatu nilimuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi, kwamba yeye mwenyewe anaonaje. Akanitazama kama mtu aliyepigiwa hodi katika nyumba isiyo yake. Alipotoka nilimfuata kwenye korido nikambana.

"Yule wa steshenari alituandikia risechi, mzee," akasema. "Halafu akatufanyisha mazoezi ya kuitetea, siku nyingi tu. Sasa nikiulizwa kitu, anakuja yeye kwanza."

Kumbe mtu aliyetetea akili maisha yake yote alikuwa akiuza yake, kwa sababu watu kama mimi tulishamwambia haina soko. Nina hasira naye, na ninamhurumia, na sijui kipi kimezidi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wale watatu walikuwa wamevaa za mtu mmoja, naye yuko kaburini. Ni ofisi ngapi hapa mjini zinaamua mambo ya walio hai kwa kichwa chake, sina hakika. Ninachojua ni kwamba litakuja swali ambalo hakuwahi kuwaandikia jibu.

Jioni ile niliitoa risechi ya binti yangu kabatini, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikakuta unaanza na yule asiyekuwepo, nikaifunga. Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikamuuliza nani aliiandika. Hakukana.

"Baba, uliniambia nilete kazi," alisema taratibu, bila kuinua macho. "Si nimeleta?"

Baadaye, kwa sauti ndogo, nilimuuliza yeye mwenyewe anaonaje jambo hili. Akaweka ungo chini, akalaza kichwa begani. Nikamwomba asiseme kitu.

Hilo ndilo somo langu, na nimelipata nikiwa nimechelewa. Tulivitaka vyuo vitupe watoto wenye kazi, vikatupa, na kazi kumbe huweza kufanyika hata mwenyewe asipokuwepo. Kufikiri ndiko kunakomtaka mtu awepo. Kila asubuhi binti yangu ananiamkia shikamoo kabla ya kwenda ofisini. Ninamwitikia marahaba, naye anaondoka, na mimi nabaki mlangoni bila kujua ni nani aliyenisalimia.