Adhis wa Sukari, Mimi wa Wimbi

Juzi asubuhi binti yangu alimwaga maziwa lala juu ya unga wa wimbi niliokuwa nimeuweka tayari kwa uji. Siku nyingine ningemfokea mpaka majirani wachungulie dirishani. Lakini ile harufu ilinifikia kabla ya hasira. Ule uchachu wa maziwa pamoja na vumbi tamu la wimbi, jameni, nikajikuta nimeinamia meza ya jikoni, macho nimefumba, mkono shavuni. Mtoto akaniuliza, "Mami, unalia ama unacheka?" Nikamwambia aende akavae soksi.

Wacha niwaambie nilikuwa wapi. Nilikuwa Kisian, kwenye veranda ya Dani, Jumamosi, uso umepakwa wimbi mpaka kwenye kope, nimeambiwa nisitabasamu.

Dani ni mama yake baba yangu. Hilo ndilo jina tunalowaita bibi zetu sisi Wajaluo, na yeye hakutaka kuitwa lingine. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vya maji vilivyokaa kwenye nyumba nyingi za upande ule, kutoka barabara ya Busia mpaka chini ziwani, vilipitia mikononi mwake. Mimi nilipopata akili macho yake yalikuwa yameshaziba, na vyungu alikuwa ameacha, lakini vidole vyake havikuwa vimekubali kustaafu. Ukifika nyumbani kwake, hata uwe mtu mzima mwenye gari, unapiga magoti mbele ya kiti chake na kumpa uso. Anaupapasa kutoka kwenye paji hadi kidevuni, bila haraka, kisha anakutaja jina na kukutangazia makosa yako. "Atieno, umekonda. Mama yako anauza samaki wote hakubakishii hata kichwa?" Huyo ndiye mimi. Au, "Adhis, jana ulilala bila kunawa. Hapa puani naweza kukaanga yai."

Adhis alikuwa binti wa baba mkubwa. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukapishana kwa kila kitu kingine. Wao waliishi Milimani, kwenye ua mkubwa wenye miti na mlinzi, sisi tukaishi Otonglo, nyuma ya soko, ambako mama alikuwa na meza yake ya samaki. Shule zikifungwa tuliletwa sote kwa Dani, yeye kwa gari la baba yake, mimi kwa miguu nikishikwa mkono na mama. Nilimpenda Adhis, msinielewe vibaya. Hakuwa na maringo hata kidogo. Lakini nilimtazama sana.

Sasa, Dani alikuwa na jambo lake la Jumamosi. Aliamini uso lazima utolewe uchafu uliokufa, ile ngozi kuukuu inayokaa juu ya ngozi mpya, na aliamini hakuna nyuso mbili za kuoshwa sawasawa. Alitushika asubuhi kabla hatujanawa. Alipitisha kidole kwenye paji, puani, mashavuni, halafu akasugua kidole na gumba, akisikiliza, ndivyo alivyoonekana, kana kwamba ngozi ingemnong'oneza. Adhis alikuwa wa mafuta. Mimi nilikuwa mkavu. "Huyu," aliwaambia wageni akinionyesha kwa kidevu, "nikimkwaruza kidogo tu atabaki kwenye kucha zangu." Yeye mwenyewe alikuwa na uso wa nchi mbili, paji la mafuta na mashavu makavu, kwa hivyo aliuosha kwa awamu, huku akilalamika kwamba Mungu alimfinyanga siku ambayo udongo ulimwishia akaenda kuomba kwa jirani.

Basi yalitoka mabakuli mawili. La Adhis lilikuwa la sukari. Dani aliikoroga na maji kidogo na matone ya ndimu mpaka chembe zibaki nusu ya ukubwa wake, akamzungushia puani, kwenye paji na kidevuni, na Adhis akatoa ulimi kulamba kila kilichotiririka. Siku ya Jumatano akarudiwa tena. Langu lilikuwa la wimbi na maziwa lala. Lilikaa usoni hadi lianze kushika, kisha Dani akalitoa kwa ncha za vidole akirudia lile neno lake, "Hatusugui, tunapitisha. Hatusugui, tunapitisha." Akamalizia kwa samli kidogo. Mara moja kwa wiki, basi. Jumatano nilikaa kando nikitazama sukari ikipita.

Mnajua sukari ilikuwa nini kwetu? Kule Otonglo mkebe wa sukari ulikaa juu ya kabati, na mama aliushusha mgeni akija. Kwa kina Adhis ilikaa mezani mchana kutwa, kwenye bakuli lenye kijiko chake, na hakuna aliyeiangalia. Wimbi je? Wimbi ni uji. Wimbi ndilo tulilokunywa kila siku ya Mungu. Kwa hivyo mimi, kwa akili zangu zote za darasa la tatu, nikapiga hesabu na kupata jibu. Mtoto wa Milimani anapakwa sukari, mtoto wa muuza samaki anapakwa uji. Dani hawezi kuona nguo zetu wala viatu vyetu, lakini amejua nani ni nani, na amechagua. Sikumwambia mtu. Nililibeba moyoni likizo nzima, na kila Jumamosi lilizidi uzito.

Siku yenyewe Dani alikuwa na wageni, akina mama wa kanisa waliokuja na nyimbo na vikapu. Alikuwa ameshachanganya mabakuli yetu walipobisha hodi. "Jipakeni wenyewe," akatuambia, "na kila mtu ajue lake." Akaingia ndani akishikwa mkono.

Nilimtazama Adhis. Adhis akatazama bakuli langu. Kumbe na yeye alikuwa na dukuduku lake! "Atieno," akaninong'oneza, "wewe hupewa maziwa, mimi kila siku ndimu inaniingia machoni. Tubadilishane?" Hakumaliza kusema. Nilikuwa nimeshavuta sukari yote kwangu.

Yeye alijipaka wimbi kidogo, mengine akayanywa. Mimi nilisugua. Nilisugua hadi mashavuni, ambako Dani hakuwahi kumgusisha hata Adhis. Nilipoona vidole havitoshi nikachukua dodoki lililoning'inia karibu na pipa, lile la kusugulia visigino, nikaendelea nalo. Iliuma, nikajiambia ndivyo sukari inavyofanya kazi. Ndimu ilipopenya nilikanyaga sakafu kama mtu aliyeingia kwenye siafu, lakini sikuacha. Nilitaka uso wa Adhis. Nilitaka Dani akinigusa aone hakuna tofauti. Nilipomaliza mashavu yalikuwa yanawaka na yameanza kuvimba, na Adhis alinitazama mdomo wazi, ndevu za maziwa zimemganda. "Atieno," akasema, "umekuwa nyanya."

Ndipo tukaitwa kusalimia wageni.

Tukaingia, tukapiga magoti kama kawaida, wale mama wakitutazama kwa tabasamu. Vidole vya Dani vilimshukia Adhis kwanza. "Huyu ni Adhis. Amekunywa maziwa, mlevi huyu." Wageni wakacheka. Kisha vikanijia mimi. Vikagusa paji, vikashuka shavuni, vikasimama. Vikarudi juu, vikashuka tena, polepole zaidi. Nikasubiri jina langu.

"Ma en ng'a?" akauliza. Huyu ni nani?

Mama mmoja akadhani ni mzaha, akacheka. Dani hakucheka. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, kana kwamba mtu fulani angeingia kumweleza. "Ni mtoto wa nani huyu mliyeniletea? Atieno wangu yuko wapi?"

Nilikuwa mbele yake, nimemshika magoti, na hanijui. Nimewahi kuogopa mambo mengi tangu siku ile, nimewahi kupotea mjini, nimewahi kukaa nje ya chumba cha upasuaji nikimsubiri mume wangu, lakini baridi ile ya kutojulikana na vidole vya Dani sijaisikia tena. Nikaangua kilio. Na kilio aliking'amua mara moja.

"Wuololo! Atieno! Nani amekuparura hivi? Paka? Ni paka?" Alinikamata masikio yote mawili, akanivuta karibu, akaanza kunifokea mbele za watu wa kanisa, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, huku akipuliza mashavu yangu kwa pumzi yake. Alinukia tumbaku ya kunusa na samli. Nikasema kila kitu kwa mkupuo, kwikwi katikati. Kwamba mimi pia nilitaka sukari. Kwamba Adhis hupewa sukari kwa sababu ndiye anayempenda, mimi napewa uji.

Mmoja wa akina mama akasema "Yaye," kwa sauti ndogo. Nilingoja Dani akanushe. Mtoto anapotamka jambo kama lile anataka kuambiwa hapana, si kweli, nakupenda wewe. Dani hakusema hapana. Alikaa na masikio yangu mikononi, kisha akauliza tu, "Nakupa uji?" Akaagiza maziwa baridi na kitambaa safi, akanikanda mwenyewe, wageni wakaendelea na chai yao.

Uso ulipokuwa umeanza kupona aliniita nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kusagia. Mimi nilidhani adhabu imefika, na kwa kweli hadi nilipokuwa mwanamke mzima niliihesabu kuwa adhabu. Akanikalisha mbele ya jiwe, akamimina wimbi, akaniambia nisage. Nikasaga mpaka mabega yakaniuma. Akachukua kidogo, akasugua kwa kidole na gumba. "Bado." Nikasaga tena. "Bado." Akachuja kwa kitambaa chake cha kichwa, kile chembamba cha Jumapili, akatikisa polepole, akatupa makapi kwa kuku, akarudisha yaliyobaki kwenye jiwe. "Bado." Jua likapanda, likahamia upande wa pili wa nyumba. Adhis alikuwa anaruka kamba uani na mimi nikimwonea wivu hata kamba. Mwisho wa yote zilipatikana konzi mbili za unga, mwepesi hivi kwamba nilipopumua uliruka. Dani akasugua vidole, akatikisa kichwa kukubali. "Huu ndio wa uso wako," akasema, akainuka kwa kushika bega langu.

Nilinuna siku nzima. Sukari, niliwaza, haisagwi. Sukari unatumwa kwa Mama Njeri kwenye kiosk na unarudi nayo.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuirudia sentensi hiyo. Sukari unatumwa kwa Mama Njeri na unarudi nayo. Ilhali kila Ijumaa kabla ya kila Jumamosi, likizo baada ya likizo, mwanamke asiyeona alikaa nyuma ya nyumba akisaga na kuchuja, akisaga na kuchuja, kwa sababu unga wa mashine, wa posho mill, ungenikwaruza. Nilikuwa nasikia lile jiwe. Nililisikia kila Ijumaa nikicheza, likisema grr, grr, na sikuwahi hata kugeuza kichwa. Adhis alipewa kilichokuwepo. Mimi nilitengenezewa. Oh, Dani wangu, si ungeniambia tu? Lakini pengine aliniambia, kwa namna ya mtu aliyezoea kuzungumza kwa mikono.

Siku hizi naishi huku huku Milimani, na kwenye duka la vipodozi mjini kuna dada mrembo anayeniuliza, "Ngozi yako ni ya aina gani, madam?" Namjibu kavu. Ananipa kichupa kizuri, na kinafanya kazi, sitawadanganya. Lakini ipo siku moja moja narudi kwa wimbi. Nasaga kwa blenda, nachuja kwa chujio la chai, halafu kwa leso. Nasugua kidole na gumba. Bado. Haijawahi kufika.

Mara ya mwisho kumpa Dani uso wangu, majina yalikuwa yamemtoka. Alilala kwenye kitanda chake kule Kisian, mama akimlisha kwa kijiko. Adhis naye alikuwa amekuja, akapiga magoti kwanza kama zamani, na Dani akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa wakiwa wasichana. Adhis akaitika hivyohivyo. Nikamwacha ainuke, nikapiga magoti mahali pake, na nikajiandaa kuitika jina lolote.

Vidole vilipanda kwenye paji, vikashuka shavuni. Vilikuwa vyepesi sana. Vilisimama, nami nikarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu.

"Huyu wa wimbi," akamwambia mama.

Kisha akatoa mkono, akasugua kidole na gumba hewani, muda mrefu, uso umemkunjamana kwa wasiwasi.

"Amekauka," akasema. "Siku hizi nani anamsagia?"