Bilauri ya Marehemu Luhaga

Evelina ni jirani yangu hapa Kiseke, na tunasali jumuiya moja. Ana maneno machache na mikono isiyotulia. Anashona sare za shule, na sijawahi kuona chombo kichafu kimelala kwake. Mumewe, Luhaga, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la Geita. Enzi zile za kungoja kivuko Busisi, Evelina alimnunulia bilauri ya stili yenye mfuniko ili chai yake ya maziwa isipoe, akaipeleka mjini ikachongwa ubavuni: LUHAGA, RUDI SALAMA.

Mume akirudi safari, kabla hata hajaulizwa habari za njiani, bilauri ilikuwa imeshachukuliwa. Evelina hakuisugua kwa stilwaya wala mchanga wa ziwani kama tunavyosugua masufuria. Stilwaya, alisema, inakwaruza, na chembe zake zikibaki kwenye herufi zinashika kutu. Alitumia maji ya moto, sabuni na dodoki laini, na herufi alizipitia kwa mswaki uliochakaa. Aliuhangaikia zaidi mfuniko. Ulikuwa na pete ya raba, naye aliing'oa kwa njiti ya kiberiti kila mara, maana maziwa hujificha pale chini. Halafu alivianika vyote wazi mpaka vikauke. Nilimtania kwamba bilauri inaogeshwa kuliko mwenyewe. Akasema mwenyewe ana mikono.

Safari ya mwisho Luhaga alishuka akilalamika tumbo. Chai ilikuwa imebaki nusu. Aliiweka bilauri chumbani, akalala, na asubuhi tukamkimbiza hospitali. Hakurudi. Daktari alieleza kwamba utumbo ulikuwa umetoboka, lakini msibani maneno ya daktari hayakai masikioni mwa watu.

Sasa, kwa ukoo wa Luhaga vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kuanua tanga. Evelina aliomba aioshe bilauri tu, basi. Wifi yake Rebeka, dada wa marehemu aliyekuja kutoka Magu, akamkatalia, na chumba kikafungwa. Joto la Mwanza mnalijua.

Siku ya kuanua tanga ilipofika, sebule ilijaa. Mwenye neno la mwisho alikuwa Masele, kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji wa huko huko Magu. Vitu vilipangwa mkekani, na Rebeka akaifungua bilauri. Watu waliziba pua. Ndani kulikuwa na ukungu mzito, na kuzunguka mfuniko utando mweusi unaoteleza. Rebeka hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliiweka taratibu mbele ya Masele.

"Kaka, sasa tumejua alichonyweshwa."

Kila mtu alijua neno lile linabeba nini. Evelina angetolewa nyumbani mwake siku hiyo hiyo kama muuaji, na watoto wangechukuliwa na ukoo. Nilianza Salamu Maria kimoyomoyo, nikapotea katikati.

Masele alimwuliza shemeji yake kama ana la kusema. Evelina akaomba maji ya moto, sabuni na kiberiti. Rebeka akasema anataka kupoteza ushahidi. Masele akaamua aoshee pale pale, mbele ya watu, asivuke mlango.

Beseni nililileta mimi, pamoja na dodoki na magadi. Njiti ya kwanza ikamvunjikia Evelina. Alichukua nyingine, akaichomeka, raba ikaruka. Chini yake kulikuwa na maziwa yaliyoganda, meusi juu, meupe ndani. Akamsogezea Masele mfuniko kwa mikono miwili, amepiga magoti.

"Shemeji, haya ni maziwa. Niliomba kuyaosha yakiwa bado chai."

Masele aliyagusa kwa kidole, akanusa, akanusa tena. Rebeka akaanza kusema kwamba hata sumu inaweza kutiwa kwenye maziwa. Kaka yake hakumwacha amalize.

"Rebeka, tulipomzika mama, kibuyu chake cha maziwa kilikaa kimefungwa mpaka matanga. Wewe ndiye uliyekifungua, ukatapika. Mama naye alilishwa sumu na nani? Ni wewe?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza.

Evelina aliendelea kuosha, kwa sababu alikuwa ameshaanza. Alitia magadi na maji ya moto, akasubiri, akasugua kwa dodoki, akasuuza mpaka harufu ikaisha. Masele alimwomba amtilie chai humo humo. Akanywa bila haraka, watu wakimtazama koo, kisha akasema shemeji anabaki kwake na wanawe, na mwenye neno lingine aje nalo kwake yeye.

Ndipo Evelina akaninong'oneza niende nikawalete watoto. Tangu alfajiri alikuwa amewaficha kwangu, nami sikumwuliza sababu. Niliwakuta wamekaa kitandani kwangu, kila mmoja amevaa viatu, na nguo zao zimefungwa kwenye kitenge.