Kikombe cha baba

Baba yangu amedanganya leo, na uongo wake umemwokoa mama.

Nilimnunulia kile kifaa cha kupimia mkojo nyumbani, maana ana kisukari na nahofia figo zake.

Asubuhi akanipa kikombe cha mkojo, kimefunikwa kwa kisahani kabisa!

Kifaa kikawaka taa nyekundu. Protini imezidi.

"Baba, vaa viatu twende hospitali."

Akainamisha kichwa. "Mwanangu, ule si wangu. Nitampaje binti yangu mkojo wangu? Nilimwomba mama yako."

Mama! Ambaye hajawahi kulalamika hata kuumwa kichwa.

Tumetoka hospitali sasa hivi. Figo zake zimeanza kusumbua, lakini daktari anasema tumewahi.

Hicho kidude nakivulia kofia.

Sasa wana Chang'ombe nisaidieni: baba nitampimaje?