Uso wa Baba Paskalina kwenye skrini

Jamani, leo nimepigiwa vigelegele na ukumbi mzima kwa sababu ya kuwasha rangi nyekundu!

Niko Karatu, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, anayeitwa Paskalina. Mimi ndiye fundi wa ile skrini kubwa ya LED, tumeileta kutoka Arusha.

Kabla binti hajaingia, paneli moja ya katikati, kati ya vipande vinavyounda skrini, ikawa nyeusi tii.

Mama yake akanifuata, akasema kwa sauti ya chini:
"Mwanangu, hapo ndipo utakapotokea uso wa baba yake."

Baba alishafariki. Imebaki video moja tu, aliyorekodiwa akimwombea bintiye.

Nikabadilisha waya. Wapi!

Nikazima umeme, nikaipeleka paneli mbovu kona ya chini, nyuma ya maua, na ile nzima ya kule nikaileta katikati.

Nikawasha rangi nyekundu kujaribu.

Watu wakadhani shughuli imeanza. Vigelegele! Emsii naye akaanza kucheza. Mimi nimesimama na bisibisi mkononi, sijui nitazame wapi 😂

Kisha video ikaanza. Uso wa mzee ukatokea wote, bila doa.

Mama akainuka, akaenda mbele, akaweka kiganja kwenye kidevu cha mumewe.

Skrini hizi haziguswi, na kazi yangu ni kuzuia watu. Nikamwacha. Nyie mngemzuia?

Akamjibu mumewe kwa Kiiraqw, lugha yao, taratibu. Sikuelewa hata neno moja, ila wazee wote waliotoka kwao Daa wakaitikia "Amina."